Mwizi asiyevunja kufuli: namna ya kulinda majembe na vyombo vyetu vya chuma na kutu



Somo la leo si la mbegu wala la mbolea. Ni la jembe lenyewe. Najua wengine watasema: "Agronomu, jembe tunalijua tangu utoto, utatufundisha nini?" Ni kweli, kulima mnanipita. Lakini jiulizeni hivi: majembe mangapi kwenu yalikufa juu ya kazi, na mangapi yalikufa juu ya kulala vibaya? Jembe halimalizwi sana na mchana wa shamba. Linamalizwa na usiku, likiwa na udongo mubichi mdomoni, limetupwa pembeni ya nyumba.

Lengo la somo: kila mwanamemba ajue kutu inatoka wapi, namna ya kuizuia kwa vitu vilivyo nyumbani, na namna ya kupanga depo ili vyombo vya wote vidumu.

Kisa cha majembe "yaliyobadilishwa"

Miaka michache iliyopita nilikuwa ninafuata koperative moja ya milimani, upande wa magharibi wa Ziwa Kivu. Walikuwa wamepewa majembe 60, beshi 20 na mapanga 30, yote mapya. Vyombo viliwekwa ku depo, na ufunguo ukapewa mama mmoja mjane. Watu walimuita Mama Depo. Alikuwa anaandika kila kitu mu daftari: nani alichukua, nani alirudisha, siku gani.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Mwezi wa pili, tukijitayarisha kwa msimu B, tukafungua depo ili tugawe vyombo. Majembe mengi yalikuwa mekundu. Midomo imemung'unyika, na mengine mpini ulikuwa unacheza mu tundu lake. Mzee mmoja akashika jembe, akaligeuza, akasema: "Hii haiko jembe yetu. Siye tulipewa ya mupya. Huyu mama aliuzisha ya kwetu, akarudisha ya zamani."

Maneno yakashika moto. Wengine walitaka ufunguo urudishwe siku ile ile. Wengine walisema mama alipe, hata kwa mbuzi wake. Yeye alifungua daftari, akasoma, lakini nani alikuwa anasikiliza daftari?

Mimi nilikuwa nimekaa mbele, karibu na prezida. Nyuma ya majembe niliona mifuko ya mbolea ya NPK iliyobaki, mmoja umepasuka, mbolea imemwagika na kuloa kwa unyevu. Majembe yaliyoharibika zaidi yalikuwa yamelala palepale. Na nilijua nani alisema mbolea iwekwe ku depo ile: mimi. Siku ile sikusema kitu. Nilisema tu: "Nipeni wiki mbili." Tutarudi ku kisa hiki. Kwanza tuone kile nilichofanya mu wiki mbili zile, sababu nanyi mnaweza kukifanya.

Jaribio la misumari mitano

Tafuta misumari mitano ya kawaida, isiyopakwa zinki. Isugue na mchanga mpaka ing'ae, uioshe na sabuni na uikaushe. Tafuta chupa nne ndogo zinazoonyesha ndani, na sahani moja ya plastiki.

1. Chupa ya kwanza: msumari mkavu, chupa kavu, kifuniko kimefungwa vizuri.
2. Chupa ya pili: msumari na maji ya kawaida, nusu ya chupa, bila kifuniko.
3. Chupa ya tatu: chemsha maji kwa muda, yapoe kidogo chupa isipasuke, ujaze chupa karibu na mdomo, kisha mwaga mafuta ya kupikia juu yake. Kuchemsha kunatoa hewa iliyo mu maji, na mafuta yanazuia hewa nyingine isiingie.
4. Chupa ya nne: msumari, maji nusu, na kijiko kimoja cha chumvi.
5. Sahani: lazisha msumari juu ya mbolea ya NPK iliyoloa kidogo.

Weka vyote mahali pamoja, mbali na watoto. Baada ya wiki moja au mbili, itisheni mkutano mtazame. Msumari wa kwanza utakuwa bado unang'aa. Wa tatu karibu vilevile, hata kama umezama mu maji siku zote. Wa pili utakuwa na kutu. Wa nne na wa tano, kutu.

Hapo somo lote linaonekana. Ili kutu izaliwe, inahitaji vitu viwili pamoja: maji na hewa. Ukiondoa kimoja, kutu haina nguvu. Chumvi haianzishi kutu peke yake, lakini inaipa mbio. Na mbolea ya duka nayo ni chumvi za namna yake: inavuta unyevu wa hewa, inaloa yenyewe hata bila mvua kuingia, na maji yake yanashambulia chuma.

Kutu ni nini?

Chuma hakikuzaliwa chuma. Kilitolewa mu mawe ya ardhi kwa moto mkali. Kikipata maji na hewa, kinarudia hali yake ya zamani. Tazameni udongo wetu mwekundu: ile rangi inatoka ku chuma kilicho ndani ya udongo, ambacho kimekwisha kushikana na hewa. Kutu ya jembe ni jambo la namna hiyo hiyo. Jembe linarudia kuwa udongo.

Ubaya wa kutu ni kwamba hailindi kile kilicho chini yake. Alumini ya sufuria nayo inashikana na hewa, lakini inafanya ngozi nyembamba inayokamata vizuri na kuzuia hewa isiingie zaidi. Kutu ya chuma inavimba, inapasuka na kubanduka, inashika maji kama kitambaa kilicholoa, na chuma kipya kinabaki wazi. Kwa hiyo kutu ndogo ya leo inafungulia mlango kutu kubwa ya kesho. Juu ya hiyo tusingoje.

Dakika tano za jioni

Kazi hii ifanywe siku ile ile, mbele ya kula, hapana kesho.

*Kwanza, kwangua.* Toa udongo na kipande cha mti au kigunzi cha mahindi. Usipige jembe ku jiwe, utaharibu mdomo. Angalia sana tundu la mpini: pale udongo unajificha, chuma kinaoza na mti unaoza.

*Pili, osha kama inahitajika.* Kama jembe liligusa samadi, mbolea au dawa, kukwangua hakutoshi. Osha na maji safi.

*Tatu, kausha.* Hapa wengi wanakosea. Wanaosha vizuri, kisha wanaweka chombo mu kivuli kikiwa bado kinadondoka maji. Heri jembe kavu lenye vumbi kuliko jembe safi lililoloa. Pangusa na kitambaa kikavu, kisha weka ku jua kidogo, au pembeni ya moto, hapana ndani ya moto. Moto mkali unaharibu ugumu wa mdomo.

*Nne, paka mafuta.* Chukua kitambaa chenye mafuta kidogo, upanguse chuma chote. Yasichuruzike, ngozi nyembamba inatosha kuzuia maji na hewa. Kama jembe linarudi ku shamba kesho asubuhi, kukwangua na kukausha kunatosha. Kama litalala wiki au miezi, mafuta ni lazima.

Mafuta gani? Mafuta mapya ya moteri ni mazuri, na kidogo yanafanya vyombo vingi. Watu wengi wanatumia mafuta machafu yaliyotolewa ndani ya moteri, juu hayana bei. Yanazuia kutu, lakini yana sumu inayoweza kuleta kansa yakigusa ngozi kila siku. Ukiyatumia, funga kitambaa ku ncha ya mti ili mkono usiguse, weka bidoni yenye alama mbali na watoto, na usimwage hata kidogo ku udongo, ku kisima au ku mto. Na kwa chombo chochote kinachogusa chakula, usiyatumie kamwe.

*Tano, tundika.* Chombo kisilale chini. Udongo unatoa unyevu, na sima nayo inatoa unyevu. Piga mti ku ukuta na misumari mirefu, tundika kila jembe mahali pake, hewa ipite katikati. Usifunge jembe ndani ya plastiki: usiku ukiwa baridi, maji yanajikusanya ndani, na umelifungia pamoja na adui yake.

Kuna njia moja nzuri kwa depo ya wengi: ndoo ya mchanga. Jaza ndoo na mchanga mkavu wa mto au wa ziwa, changanya na mafuta mapya kidogo mpaka mchanga ushikwe na mafuta bila kuchuruzika. Jembe likisha kukwanguliwa na kukauka, ingiza mdomo wake ndani ya mchanga mara kadhaa. Mchanga unasugua na mafuta yanapaka, kwa mara moja. Mchanga wa bahari haufai juu ya chumvi, lakini mchanga wa ziwa zetu, Kivu na Tanganyika, ni wa maji matamu, hauna shida hiyo.

Vyombo vinavyogusa chakula

Kisu, panga la kukatia ndizi, na chombo cha kukwaruza mihogo vina shida yao: utomvu na maji ya mihogo yanayochacha yana asidi inayokula chuma. Osha upesi na sabuni ukisha kumaliza, kausha, paka mafuta ya kupikia kidogo. Mbele ya kutumia tena, osha.

Wale wa kahawa, mashini ya kumenya nayo iko mu kundi hili. Utelezi wa kahawa ukilala ndani yake unachacha, unafanya asidi, na asidi inakula chuma usiku kucha. Tena kahawa ya jana iliyooza ndani inaharibu ladha ya kahawa ya leo. Kwa hiyo kuosha mashini kila jioni kunalinda vitu viwili: mashini na bei yenu.

Pompi ya dawa na ndoo za dawa

Hapa si feza tu, ni maisha.

Ukisha kupuliza, weka maji safi ndani ya pompi, tikisa, pulizia maji hayo ku shamba lile lile lililopata dawa. Fanya mara tatu. Usimwage ku mto. Kisha weka pompi wazi, imepinduka, ikauke ndani. Springi na valvu zinakufa haraka kama dawa inalala ndani.

Dawa ya buluu yenye sulfati ya shaba usiichanganyie mu ndoo ya chuma wala ya zinki. Shaba inatoka mu dawa na kushika ku chuma, na chuma kinayeyuka kuingia mu dawa. Unapoteza mara mbili: ndoo inatoboka na dawa inapungua nguvu. Tumia plastiki au mti.

Dawa ya kuua majani yenye glifosati nayo usiichanganye wala kuiweka mu pipa la zinki au la chuma tupu. Inafanya gesi inayoweza kuwaka na kupasuka kukiwa moto au sigara karibu. Plastiki njo salama.

Manjanja ya nyumba na ya depo

Manjanja ni chuma kilichovishwa zinki. Zinki inakubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Siku zinki inaisha, kutu inaanza. Kwa hiyo tusiimalize bure: toa majani yanayolala juu ya nyumba, juu yanashika maji. Tumia misumari ya manjanja yenye zinki, hapana misumari ya kawaida. Majivu yaliyoloa, chokaa na sima mbichi vinakula zinki, visiachwe juu yake.

Kwa wale wanaokaa upande unaopata moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira: moshi ule una gesi ya kiberiti, na ikichanganyika na mvua, maji yanakuwa na asidi. Manjanja yanaisha upesi kuliko kwa wengine. Ukiona madoa ya kwanza ya kutu, sugua na brosi ya waya, pangusa, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Usingoje tundu.

Kama kutu imekwisha kuingia

Usitupe chombo. Kama kutu ni nyepesi, sugua na brosi ya waya, au kipande cha tofali, au mchanga na kitambaa, mpaka uone chuma. Kama imeshika sana, zamisha chuma mu maji ya ndimu au siki usiku mmoja. Asidi inayeyusha kutu. Asubuhi sugua, kisha osha na maji ya sabuni au ya majivu ili asidi iishe, suuza, kausha mara moja na upake mafuta palepale. Ukichelewa, kutu mpya itarudi siku ile ile. Njia hii ya asidi na majivu ni kwa chuma cheusi tu: usiifanye ku vyombo vya zinki wala vya alumini.

Neno moja la afya. Watu wanasema kutu inaleta tetanosi. Si kutu yenyewe. Kijidudu cha tetanosi kinaishi mu udongo na samadi, na kidonda kirefu kinakifungulia njia. Kwa hiyo hata jembe linalong'aa likikukata, osha kidonda na maji na sabuni, uende ku kituo cha afya kuuliza chanjo.

Mwisho wa kisa

Baada ya wiki mbili tulirudi mu mkutano. Niliweka misumari mitano ku meza, watu wakaipokezana mikononi. Yule mzee akashika msumari uliolala ku mbolea, akanyamaza. Kisha nikamwambia asimame karibu na majembe atuonyeshe alama iliyopigwa ku chuma siku ya kupokea. Akasugua na kidole, alama ikatoka chini ya kutu. Yalikuwa yale yale.

Nikasema mbele ya wote: udongo uliokauka ku midomo ya majembe ni wa siye wote tuliorudisha bila kukwangua. Mbolea iliyokaa pamoja nayo ni neno langu mimi, hapana la mama.

Mama Depo akainuka. Akaniuliza: "Mwanangu, ile siku walikuwa wananiita mwizi, ulikuwa unajua?"

Nikajibu: "Ndiyo, mama. Nilikuwa ninajua."

Alinitazama kwa muda. Akasema: "Basi uandike, ili mama mwingine asipate haya." Akaketi. Mzee naye akaenda kumshika mkono, akamuomba msamaha. Ufunguo ulibaki kwake.

Nimechelewa kuandika, lakini hii njo barua yake.

Sheria tano za depo

1. Chombo hakipokelewi kama kina udongo. Mlinzi wa depo ana haki ya kukirudisha, hata kwa prezida.
2. Mbolea, chumvi na dawa ziwe mu chumba kingine, juu ya mbao.
3. Kila chombo kina alama na mahali pake pa kutundika.
4. Mara moja kwa mwezi, watu watatu wanatazama vyombo vyote pamoja na mlinzi, wanaandika hali ya kila kimoja mu daftari na kutia sahihi. Hivyo hakuna mtu atakayeshitakiwa kwa kazi ya kutu.
5. Mbele ya kufunga msimu, siku moja ya salongo: kukwangua, kunoa, kupaka mafuta.

Maswali ya kuzungumza mu kundi

1. Kwa nini msumari wa chupa ya tatu haukupata kutu, na uko ndani ya maji?
2. Ku depo yetu, kuna kitu gani kinacholala karibu na vyombo vya chuma na hakifai?
3. Chukueni bei ya jembe ku soko lenu, mara hesabu ya majembe ya koperative. Kama kila jembe likidumu msimu miwili zaidi, ni feza ngapi zinabaki mu kasha? Zingenunua nini?
4. Je, kuna mtu kwetu tuliyemshuku juu ya chombo kilichoharibika? Tulimtazama yeye kwanza, ao tulitazama chombo?

Jibuni pamoja, na swali la nne lisirukwe. Kazi njema ku shamba, na jioni, msisahau kukwangua.